Somo: Mgongo, kiuno na diski. Soma maumivu yako kabla ya kusoma picha

Habari zenu ndugu zangu. Karibu kila ujumbe unaonifikia kuhusu mgongo unaanza hivi: "Nimeambiwa diski imeteleza," yaani ule mto mdogo ulio kati ya pingili na pingili ya mgongo. Wengine wanaambatanisha kabisa na picha za MRI, kile kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili. Kazi yangu ni fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na mgonjwa akikaa mbele yangu, bahasha ya picha naiweka pembeni kwanza. Namuuliza maumivu yanaanzia wapi, yanapitia wapi, yanaishia kidole gani. Leo nataka ujue kujiuliza mwenyewe maswali hayo. Twende hatua kwa hatua, na ya kwanza usiiruke hata kama unajiona mzima.

HATUA YA 1: Ondoa kwanza yale ya hatari

Uti wa fahamu haufiki chini kabisa ya mgongo. Unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo linashuka fungu la neva (mishipa ya fahamu) zinazohudumia miguu, kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Mara chache sana diski hutoka kipande kikubwa kikalikandamiza fungu lote. Hapo unahesabu saa. Dalili zake ni ganzi sehemu inayokaa kwenye siti ya baiskeli, kiasi kwamba ukijitawaza huyasikii maji. Mkojo kugoma kutoka, au kutoka bila taarifa. Kushindwa kuzuia haja kubwa. Miguu yote miwili kulegea. Nenda hospitali kubwa yenye upasuaji usiku huohuo. Baada ya saa 48 matumaini ya kibofu kurudi kama zamani hupungua, na hata ndani ya muda huo, mapema ni bora. Mtu wa namna hii akipelekwa kwanza kukandwa, kibofu chake ndicho kinacholipia.

Kundi la pili linakuja polepole: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku na hayapungui hata ukibadilisha ulalaji. Kwa mazingira yetu mimi nawaza TB ya mgongo kwanza. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliieleza mwaka 1779 na bado tunaiona. Inakula pingili mbili zinazopakana, mgongo unaanza kutoa nundu, na mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja. Wanaokunywa maziwa mabichi wapimwe pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mwanaume mtu mzima mwenye maumivu mapya ya kiuno na shida ya mkojo aangaliwe tezi dume, maana saratani yake hupenda kuhamia mifupa ya kiuno na nyonga. Vilevile aliyeanguka kutoka juu, au aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, apigwe eksirei kwanza.

HATUA YA 2: Jua kilichomo ndani

Pingili zinazocheza ni 24: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno. Kati yake na chini yake kuna diski 23. Pingili mbili za juu kabisa za shingo hazina diski katikati. Kila diski ina ukuta wa nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na ndani kiini cha ute mzito ambacho ujanani sehemu kubwa ni maji. Bonyeza pakiti ya maziwa upande mmoja uone maziwa yanavyokimbilia upande wa pili. Ukiinama ndivyo inavyokuwa: mbele panabanwa, kiini kinasukumwa nyuma, na nyuma ndiko neva zinakopita.

Diski yenyewe imeshikana na pingili juu na chini, haichomoki mahali pake. Kinachotokea ni ukuta kuchoka na kupasuka, kisha kiini kuvimbia nyuma au kutoka nje kabisa. Kikigusa neva hakiishii kuibana, kinaiwasha pia, ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kumlaza mtu mzima. Madaktari walikuwa wakikuta vipande hivi na kudhani ni uvimbe wa kawaida, mpaka Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walipoeleza mwaka 1934 kwamba ni diski iliyopasuka. Kwenye kiuno, zaidi ya kesi tisa kati ya kumi ziko kwenye diski mbili za mwisho, zile ambazo kwenye ripoti yako zimeandikwa L4-L5 na L5-S1 (L ni pingili za kiuno, S ni mfupa ulio chini yake).

Diski hufyonza maji ukiwa umelala, kwa hiyo asubuhi imejaa na imekaza. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya zaidi kwa kuinama. Sasa fikiria akina mama wetu: alfajiri, macho hayajafunguka vizuri, mtu ameshashika ufagio wa chelewa, ameinama kiuno chote anafagia uwanja mzima. Funga huo ufagio kwenye mti mrefu ufagie umesimama, au subiri jua litoke.

HATUA YA 3: Chora safari ya maumivu

Chora umbo la mtu, mbele na nyuma, utie alama panapouma na panapotia ganzi.

Alama zikibaki kiunoni, au zikifika takoni na pajani bila kuvuka goti, na hakuna ganzi, mara nyingi ni misuli, kano, vifundo vidogo vya pingili, au diski iliyochoka ambayo haijagusa neva. Kundi hili ndilo kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na karibu 90% ya wenye maumivu haya hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kunyooshewa kidole.

Alama zikivuka goti, mguu mmoja, na mguu ukauma kuliko kiuno, hiyo ni neva. Wagonjwa husema "linapiga shoti". Ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni linazidi. Sasa angalia linaishia wapi. Mbele ya paja na upande wa ndani wa ugoko: neva ya L4. Nje ya ugoko, juu ya wayo hadi kidole gumba: L5. Nyuma ya kigimbi, kisigino, ukingo wa nje hadi kidole cha mwisho: S1.

HATUA YA 4: Majaribio matatu ya nyumbani

Tembea kwa visigino hatua kadhaa. Wayo ukidondoka upande mmoja, neva ya L5 imechoka. Kisha shika ukuta, simama mguu mmoja, jiinue kwa ncha za vidole mara kumi. Ukishindwa upande mmoja tu, ni S1. Mwisho lala chali, mtu akuinulie mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, neva ina hasira. Kuvutwa nyuma ya paja peke yake ni ugumu wa msuli, usijitangazie ugonjwa. Na ikiwa kuinua ule mguu usiouma kunaamsha shoti kwenye mguu mgonjwa, hapo diski inashukiwa kwa nguvu.

Udhaifu mpya unaoongezeka haungojei wiki ijayo. Mwone daktari siku hiyohiyo.

HATUA YA 5: Wiki sita za kwanza

Sayatika, yaani haya maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, mara nyingi hutulia ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kisu. Lala siku moja au mbili kama umezidiwa, halafu inuka. Utafiti wa Helsinki, Finland, wa mwaka 1995 kuhusu maumivu mapya ya kiuno ulikuta walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioandikiwa kulala siku mbili. Tembea mara nyingi kwa umbali mfupi. Kulala: chali na miguu juu ya kiti, au ubavu na mto katikati ya magoti.

Zoezi ninaloanza nalo mara nyingi: lala kifudifudi, jiinue kifua kwa viwiko, nyonga zibaki chini, hesabu kumi, shuka. Wengi wanakosea kulisoma. Shoti likihama kutoka wayo kuja goti, kutoka goti kuja takoni, unaendelea vizuri hata kama kiuno kinauma zaidi kuliko jana. Likienda kinyume, likashuka chini zaidi, acha zoezi hilo.

Dawa: ibuprofeni na diklofenaki husaidia kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo aulize kwanza. Sindano ya takoni ya duka la dawa naipinga kabisa. Neva kubwa ya mguu inapita humohumo, na nimepokea wagonjwa waliokwenda na kiuno wakarudi na wayo uliodondoka.

HATUA YA 6: Picha sasa

Mwaka 1994 nchini Marekani walipiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Kwa hiyo neno "imevimba" kwenye ripoti halina uzito mpaka lilingane na mchoro wako wa hatua ya 3. Picha inasema L4-L5 kulia, wewe unaumwa mguu wa kushoto? Hiyo diski haihusiki. MRI ina maana kwenye dalili za hatua ya 1, kwenye udhaifu, au pale wiki sita zimepita na upasuaji unafikiriwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dereva wa lori, Tunduma): Dokta, ripoti yangu inasema L5-S1 imetoka kabisa, kipande kikubwa. Nimeambiwa bila operesheni nitapooza. Mguu unauma ila natembea kwa visigino na vidole vizuri.

Jibu: Pole sana kaka. Kama nguvu zipo na mkojo uko sawa, una muda wa kufikiri. Vipande vikubwa vilivyotoka nje kabisa ndivyo mwili huvila na kuvipunguza mara nyingi zaidi. Utafiti wa Uholanzi wa 2007 ulionyesha waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka, ila baada ya mwaka walilingana na waliosubiri. Kwa hiyo operesheni unaweza kuichagua kwa sababu ya maumivu, usiichague kwa kutishwa. Pata maoni ya daktari wa pili, hospitali za kanda au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Barabarani simama kila baada ya saa moja au mbili utembee, na ukifika usirukie kushusha mzigo. Mtikisiko wa safari umeshaichosha diski.

Swali: Mimi nilijifungua kwa operesheni, tangu ile sindano ya ganzi ya mgongo kiuno hakijawahi kupona. Waliniharibu?

Jibu: Pole mama. Sindano ile huchomwa chini ya pale uti wa fahamu unapoishia, na ni nyembamba sana. Huacha kidonda cha siku chache. Tafiti hazijaikuta na hatia ya maumivu ya miaka. Ujauzito wenyewe hulegeza kano na kutanua misuli ya tumbo, halafu mtoto anakuja, unanyonyesha umeinama, unaosha nguo kwenye beseni chini. Pandisha beseni juu ya kigoda au meza, nyonyesha ukiwa umeegemea, na tuanze mazoezi ya tumbo na makalio.

Swali: Nimeuziwa dawa ya kurudisha uteute kwenye pingili, pia nakula bamia kila siku. Mbona sioni mabadiliko?

Jibu: Bamia endelea, ni mboga nzuri, hasa na dagaa. Ila ule utelezi unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, haupandi mgongoni. Diski ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu. Inapata chakula kwa kufyonza kutoka pingili za jirani, na kutembea ndiko kunakosaidia. Hela ya hiyo dawa inunue viatu.

Swali: Mimi kuli sokoni, nabeba lumbesa. Mkanda wa kiuno unasaidia?

Jibu: Unasaidia kidogo kwenye siku za maumivu makali, hauongezi uwezo wa diski. Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 linapendekeza mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na lumbesa inapita mara mbili yake. Hata hivyo si mzigo tu: tafiti za mapacha wa Finland zilikuta urithi una sehemu kubwa kuliko kazi katika kuchakaa kwa diski, na sigara pia imo. Kama huwezi kukataa gunia, beba wawili au tafuta toroli, gunia liinuliwe na wengine likae begani, usilinyanyue chini peke yako, na usijipinde ukiwa nalo.

Swali: Baba ana miaka 68. Akitembea hadi msikitini miguu inakufa ganzi mpaka akae, ila baiskeli anaendesha hadi shambani bila shida. Ni diski?

Jibu: Shikamoo yangu imfikie mzee. Hiyo inafanana zaidi na mfereji wa neva kuwa mwembamba kwa uzee. Akinyooka unabana, akiinamia usukani wa baiskeli unafunguka. Mazoezi ya kuinama humfaa yeye, na lile zoezi la viwiko la hatua ya 5 asilifanye. Lakini muulize kwanza kuhusu mkojo, na mshike mapigo ya damu juu ya wayo wote miwili. Kama hayasikiki, tatizo linaweza kuwa mishipa ya damu na aanzie kwa daktari.

Swali: Godoro au sakafu?

Jibu: Godoro la ugumu wa wastani. Wahispania walilinganisha mwaka 2003, na wenye magodoro magumu waliamka na maumivu zaidi. Kama godoro lako limebonyea katikati, ligeuze leo, na weka mbao chini yake mpaka upate jingine.