Chakula Kikibadilika Melini, Lalamika Hivi Usikilizwe

Nilikuwa mhudumu wa meza kwenye meli ya kitalii ya bei nafuu, katika ule ukumbi mkuu ambao chakula chake kimo ndani ya nauli. Mkataba baada ya mkataba niliona menyu ikifupishwa, vipande vya nyama vikipungua unene, na ada zikiingia mahali ambapo zamani hapakuwa na ada. Mimi ndiye niliyesimama pale mgeni alipofungua menyu na kuuliza, "Kile cha mwaka jana kiko wapi?" Malalamiko mengi niliyoyapokea yalikuwa ya haki kabisa, na mengi yaliishia kwenye mlango wa jiko kwa kuwa aliyepewa ni mtu asiyeweza kuyafanyia lolote. Machache yalifika juu yakabadilisha kitu. Hapa nitaeleza yale machache yalifanywaje.

Tambua kwanza nani alikigusa chakula chako

"Chakula kimeshuka" ni kauli ambayo hakuna mtu melini anayeweza kuifanyia kazi. Jiulize kimeshukaje, maana kila badiliko lina mwenyewe.

Ada hupangwa makao makuu. Kampuni ya meli za kitalii ya Norwegian ilianza kutoza dola 7.95 kwa huduma ya chumbani mwaka 2015. Royal Caribbean ikafuata mwaka 2017 kwa kiasi hicho hicho, ikaacha kifungua kinywa chepesi bila malipo. Mwaka 2023 Carnival ikaanza kutoza dola 5 kwa mgeni anayeagiza mlo mkuu wa tatu katika chakula kimoja cha jioni. Menyu nayo huandikwa nchi kavu. Royal Caribbean ilipopanga upya menyu za ukumbi wake mkuu mwaka huo huo wa 2023, mpishi aliyekuwa kazini melini alipokea orodha mpya, vipimo vipya na picha ya jinsi kila sahani inavyotakiwa kuonekana. Hana ruhusa ya kurudisha supu iliyoondolewa, hata kama naye anaikumbuka.

Yako mambo mengine, hata hivyo, ambayo ni ya meli yenyewe: samaki aliyefika amepoa, wali uliokauka, mlo uliochelewa saa nzima, oda iliyochanganywa, mzio uliosahauliwa. Hayo yanaweza kurekebishwa usiku huo huo. Usiyachanganye na yale ya kwanza katika sentensi moja. Mgeni anayesema menyu ni fupi, ada ni wizi na samaki amepoa hupewa pole kwa yote matatu, na hata samaki habadilishwi.

Kujua sababu kunasaidia pia. Meli hizi huuza kitanda kwa bei ya chini, kisha hutafuta faida ndani: vinywaji, kasino, matembezi ya bandarini, migahawa ya kulipia. Meli zilipolazwa Machi 2020 na kukaa zaidi ya mwaka bila abiria, kampuni zilikopa ili zisife. Deni la Carnival lilipita dola bilioni 30. Kampuni yenye deni la namna hiyo hukagua kila gramu. Upo pia upotevu wa chakula, na hapa nitasema wazi upande wangu: ile ada ya mlo mkuu wa tatu naiunga mkono. Nilibeba sahani nyingi mno za nyama iliyokatwa kipande kimoja tu na kuachwa. Nisichokiunga mkono ni kumwongezea mhudumu meza, kumwondolea msaidizi, halafu kumwambia mgeni kwamba chakula kinachelewa kwa sababu "menyu mpya bado inazoeleka".

Kabla hujalipa

Fungua ukurasa wa kampuni unaoeleza kilichomo kwenye nauli, usome sehemu ya chakula neno kwa neno, kisha uupige picha kwa simu, tarehe ionekane. Watu hulipia safari mapema sana, na sera hubadilika kabla hawajapanda. Ukifika melini ukakuta jambo limebadilika, picha ile itakusaidia kuliko kumbukumbu ya safari iliyopita. Angalia hasa huduma ya chumbani, pitsa ya usiku, maji na juisi nje ya saa za kifungua kinywa, na kama vitu vya ziada kama mkia wa pili wa kamba koche vinalipiwa.

Ukiwa mtu unayejali chakula, chagua saa maalumu ya kula badala ya kuingia saa yoyote upendayo. Mwenye saa maalumu hukaa meza ile ile na kuhudumiwa na watu wale wale. Kufikia usiku wa pili mhudumu anajua huli vitunguu, na kufikia wa tatu anajua kukuambia kwa sauti ya chini, "Leo chukua kuku, nyama iache." Anayeingia saa yoyote huanza upya kila jioni. Kama imekubidi kuchagua hiyo ya pili, ukimpenda mhudumu fulani taja jina lake mlangoni na uombe sehemu yake; mara nyingi utapewa, hata kama utasubiri kidogo.

Mzio usiusubirishe hadi mezani. Iandikie kampuni kabla ya safari, kisha jioni ya kwanza mwone kiongozi wa wahudumu, yule anayesimamia meza kadhaa na wahudumu wake. Atakuletea menyu ya kesho usiku huu, uchague, na jiko likutengenezee chako peke yake.

Kura yako ya kwanza ni oda yako

Jambo hili abiria wengi hawalijui. Kila sahani inayoagizwa ukumbini huhesabiwa. Usiku ukiisha, jiko linajua ni samaki wangapi walitoka, ni kuku wangapi, ni ngapi za ile sahani mpya ambayo makao makuu wanataka kuijaribu. Hesabu hizo ndizo zinazoamua kiasi cha kuandaa safari inayofuata, na ndizo husomwa pale wanapoamua kipi kibaki. Mabaki nayo hutenganishwa na kupimwa, maana MARPOL, sheria ya kimataifa ya kuzuia meli zisichafue bahari, ina masharti kuhusu chakula kinachotupwa baharini, na kampuni zimejiwekea malengo. Carnival, kwa mfano, inalenga kupunguza nusu ya upotevu wa chakula kwa kila mtu ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2019.

Kwa hiyo kuagiza sahani usiyoipenda ili tu uirudishe na kuonyesha hasira kunaihesabia kura. Ukipenda kitu cha zamani kilichobaki, kiagize. Ukiona kitu kipya hakifai baada ya kukionja, usikirudie, na umwambie mhudumu kwa neno moja kwa nini: chumvi, kimekauka, kimepoa. Neno moja la namna hiyo nililibeba hadi jikoni mara nyingi, kwa sababu lilibebeka.

Jinsi ya kulisema, na kwa nani

Sahani ikifika na kasoro, sema papo hapo, kabla hujala nusu. Mwambie mhudumu kwa utulivu unachotaka: chakula kile kile kikiwa cha moto, au kingine. Hakuna mhudumu anayekasirishwa na hilo, na jikoni ni jambo la kila dakika. Menyu pia huwa na sehemu ya vyakula vya kila siku, kama kuku au samaki wa kuchomwa bila mbwembwe. Ukikwama usiku wenye menyu isiyokuvutia, hapo ndipo pa kukimbilia.

Kasoro ikijirudia usiku wa pili, acha kumwambia mhudumu. Omba kuonana na msimamizi wa ukumbi, na usifanye hivyo katikati ya kipindi cha chakula wakati watu mamia wamekaa. Nenda dakika chache kabla milango haijafunguliwa, au mchana siku ambayo meli iko baharini. Ana muda, ana kalamu, na hana aibu ya kusikilizwa na meza za jirani. Mpe maelezo mafupi yenye mambo matatu: lini na wapi, kilichotokea, unachoomba. Kwa mfano:

"Jana, meza yetu namba 214, saa mbili usiku, samaki alifika amepoa. Tulimrudisha, akaja wa pili naye amepoa. Mhudumu wetu alijitahidi, tatizo si yeye. Tunaomba usiku wa leo meza iliyo karibu zaidi na jiko, au utuambie saa ambayo hakuna msongamano."

Maelezo hayo yanamwezesha kutenda. Sentensi ya tatu ina uzito kuliko unavyodhani: ukimtoa mhudumu kwenye lawama, msimamizi hataanza kutafuta wa kumkaripia. Ataangalia mpangilio wa meza na mwendo wa jiko, ambako mara nyingi ndiko kwenye shida.

Andika kila kitu kwenye simu yako siku hiyo hiyo. Usingoje safari iishe. Nilishuhudia wageni waliokaa kimya juma zima, wakacheka nasi na kupiga picha nasi, kisha asubuhi ya kushuka wakaenda kaunta ya huduma kwa wageni wakiwa na orodha ndefu. Wale wa kaunta waliwauliza swali moja tu: mlimwambia nani melini? Hawakuwa na jibu, na hawakupata kitu.

Bakshishi usiiguse

Hapa naomba unisikilize vizuri. Meli hizi huweka bakshishi ya kila siku kwenye akaunti ya kila abiria, na nyingi huruhusu uiondoe ukienda kaunta. Abiria aliyekasirishwa na ada mpya huiona hiyo ndiyo silaha yake. Haimfiki aliyeweka ada. Hukatwa kwenye mfuko unaogawiwa wahudumu, wasaidizi wao, wasafisha vyumba na wengine ambao huwaoni. Kampuni haipotezi kitu. Aliyepoteza ni yule aliyeamka kabla ya jua kupanga vikombe vyako. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unamhakikishia angalau saa 10 za mapumziko ndani ya saa 24, na katika msimu mzito mimi sikupata zaidi ya hizo.

Ukitaka kuadhibu kampuni, usinunue vile inavyotaka ununue: mgahawa wa kulipia, kifurushi cha vinywaji, picha. Pesa hizo zinahesabiwa kila siku na watu wenye mamlaka.

Yasiyofaa kulalamikiwa

Ukikuta siku za kwanza wafanyakazi ndio wanaopakua chakula kwenye bafe na hawakuruhusu kushika upawa, kubali. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, husambaa haraka kwa mikono, na upawa mmoja unaweza kuangusha sitaha nzima. Kwa meli zinazotia nanga bandari za Marekani, wakaguzi wa afya wa nchi hiyo huzikagua bila taarifa na kuzipa alama kati ya 100. Chini ya 86 ni kufeli, na alama hizo ziko wazi kwa umma. Zitafute kabla ya safari. Zinaeleza jiko kuliko picha za matangazo.

Lakini nyama ya kuku ikiwa mbichi ndani, au ukiletewa kitu chenye mzio uliokwisha kuutaja, usifuate ngazi yoyote niliyoeleza hapo juu. Inuka, mwone kiongozi wa wahudumu sasa hivi, omba iandikwe, na ukijisikia vibaya nenda zahanati ya meli usiku huo huo.

Dodoso na barua

Baada ya safari utatumiwa dodoso kwa barua pepe. Lijaze kwa makini, kwa sababu majibu yake hurudi melini yakiwa alama za idara, na mara nyingine za mtu mmoja mmoja. Swali la mhudumu lijibu kuhusu mhudumu. Swali la ubora na aina za chakula ndilo la menyu. Nilimwona mwenzangu mzuri akihamishiwa bafe baada ya alama kushuka, na maoni yaliyoandikwa chini yalikuwa yanahusu ada ya chumbani. Kwenye nafasi ya maoni taja majina ya waliokuhudumia vizuri, kisha katika aya tofauti taja badiliko moja, moja tu, lililokufanya usite kurudi.

Ikiwa jambo ni la sera, andikia makao makuu. Barua fupi, namba ya safari, ile picha ya ukurasa wa nauli, na ombi linaloweza kutimizwa. Mwaka 2015 Norwegian ilikataza abiria kutoa sahani za chakula kwenye bafe kwenda vyumbani. Wageni walipinga kwa wingi, na marufuku hiyo ikaondolewa upesi. Ukipinga sera, eleza hasa nani anaumia na anaumiaje.

Na usiku wa mwisho, kabla hujalala, fungua akaunti yako kwenye programu ya meli au uende kaunta, upitie kila tozo ya chakula. Ada ya mlo ambao haukufika, au meza ya kulipia uliyoifuta kwa wakati, huondolewa kwa dakika chache ukiwa bado ndani na msimamizi anakukumbuka. Nenda kabla ya saa nne usiku. Baada ya hapo foleni ni ndefu.