Mzigo wa posta umepotea njiani? Dai hivi
Kwanza usitupe risiti, bila hiyo hata ukilalamika vipi utazungushwa tu. Angalia namba ya kufuatilia mzigo, zile za posta za kimataifa zina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi mzigo ulikotoka, mtandaoni inakuonyesha umekwama wapi.

Sasa hapa wengi wanakosea: wanangoja ngoja mpaka muda unaisha. Kwa posta za nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani (upo tangu 1874) dai linapokelewa ndani ya miezi 6 kuanzia kesho yake baada ya kutuma, na kawaida anayefungua ni aliyetuma, kwa hiyo kama wewe ndo mpokeaji mpigie mwenzio afungue leo leo. Barua ya kawaida isiyo rejista usitegemee fidia, so kitu cha maana kitume kwa rejista au bima.

Kampuni binafsi zina masharti yake, yasome kabla hujalipa. Lalamika kwao kwa maandishi, wakikaa kimya peleka nakala zote kwa mamlaka inayowapa leseni, ni haki yako kabisa.