Kurusha Shilingi Kabla ya Mechi: Kazi ya Mwamuzi na Uamuzi wa Nahodha

Dakika chache kabla ya mpira kuanza, mwamuzi huwaita manahodha wa timu zote mbili na kurusha sarafu mbele yao. Kwa mujibu wa Sheria ya 8 ya mchezo wa soka, timu inayoshinda huchagua jambo moja kati ya mawili: lango itakalolishambulia kipindi cha kwanza, au kuanzisha mpira. Ikichagua lango, wapinzani ndio wanaoanzisha. Ikichagua mpira, wapinzani ndio wanaochagua lango. Nafasi ya kuchagua mpira ilirejeshwa mwaka 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ambayo mshindi aliruhusiwa kuchagua lango tu, na ndiyo maana hadi leo wapo wachezaji wakongwe wanaobishana na mwamuzi juu ya jambo hili.

Mwamuzi na aanze kwa kuwaonyesha manahodha pande zote mbili za sarafu na kukubaliana nao majina ya pande hizo. Shilingi 200 ya Tanzania haina utata, kwa kuwa upande mmoja una sura ya Karume na wa pili una simba. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018, hata hivyo, hazina sura ya mtu yeyote, hivyo anayesema "kichwa" hajasema kitu. Afadhali kusema "nembo" au "mnyama". Sheria haielezi ni nani abashiri, lakini waamuzi wengi humpa nahodha wa timu mgeni nafasi hiyo. Abashiri kwa sauti kabla sarafu haijarushwa, kwa maana anayebashiri sarafu ikiwa hewani huzua ubishi usio wa lazima. Ikisimama wima kwenye nyasi au matope, irushwe upya. Jambo hilo si la kufikirika tu: mwaka 1965, Liverpool ya Uingereza na Köln ya Ujerumani zilipotoka sare katika mechi yao ya tatu ya robo fainali ya Kombe la Ulaya huko Rotterdam, kisahani kilichorushwa ili kumpata mshindi kilinasa wima kwenye matope, kikarushwa tena, na Liverpool ikasonga mbele.

Baada ya hapo mwamuzi arudie kwa sauti kilichochaguliwa na akiandike kwenye kadi yake. Timu iliyochagua lango ndiyo itakayoanzisha mpira kipindi cha pili, na baada ya mapumziko ya dakika 15 ni rahisi kusahau.

Kwa nahodha, kuanza na mpira ni faida ya sekunde chache, ilhali lango ni la dakika 45. Kwa hiyo atembee uwanjani mapema aangalie jua, upepo na sehemu zenye madimbwi. Tuseme mechi inaanza saa 10 jioni na magoli yako mashariki na magharibi. Kipindi cha pili jua huwa limeshuka, na kipa anayetazama magharibi hupata taabu kubwa kuiona mipira ya juu. Nahodha mwerevu huchagua kulishambulia lango la magharibi kwanza, ili kipa wake avumilie jua likiwa bado juu, kisha alipe jua mgongo linapokuwa kali machoni. Upepo una hesabu tofauti: kwenye viwanja vya pwani, upepo wa baharini wa alasiri mara nyingi hupungua kadiri jioni inavyoingia, hivyo anayeutaka autumie kipindi cha kwanza. Mambo hayo mawili yakipingana, mimi ningetanguliza upepo, kwa sababu huigusa timu nzima.

Mechi ikiingia dakika za nyongeza, sarafu hurushwa upya kwa utaratibu uleule. Ikifika kwenye mikwaju ya penalti, hurushwa mara mbili: kwanza kuamua lango litakalotumika, isipokuwa pale ambapo hali ya uwanja au usalama unamlazimu mwamuzi kulichagua mwenyewe, kisha mshindi wa mara ya pili huamua kama timu yake itatangulia kupiga au itafuata. Kabla mikwaju ya penalti ya kumpata mshindi haijaingizwa kwenye sheria mwaka 1970, sarafu yenyewe iliweza kutoa mshindi, kama ilivyokuwa mwaka 1968 huko Napoli, ambako Italia iliitoa Umoja wa Kisovieti katika nusu fainali ya Ulaya baada ya nahodha Giacinto Facchetti kushinda kura hiyo.