Kutambua tanzanaiti kwa mizani ndogo na kikombe cha maji

Tanzanaiti, jiwe la thamani la buluu, haina ya kutengenezwa maabara sokoni. Anayekuuzia feki anakuuzia kitu kingine kabisa: kioo, zirkonia na forsteraiti, ambazo ni mawe yaliyotengenezwa na binadamu, au ayolaiti, ambayo ni jiwe la asili lakini la bei ya chini mno. Kwa hiyo swali ni moja tu: hii ni zoisaiti au siyo? Zoisaiti ndiyo madini yenyewe, na ilipewa jina la Sigmund Zois, tajiri wa Slovenia aliyekusanya madini. "Tanzanaiti" ni jina la biashara lililotolewa na Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya jiwe kugunduliwa Mirerani.

Anza na rangi. Lishike jiwe kwa kibano juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana, uligeuze taratibu. Tanzanaiti huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine; ambayo haijachomwa (haijapashwa joto kuboresha rangi) huongeza wekundu wa kahawia. Kioo na zirkonia hubaki na rangi ileile. Balbu ya njano usiiamini, huvutia jiwe kwenye zambarau. Ayolaiti nayo hubadilika rangi, tena sana, hivyo usiishie hapa.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Viputo vya mviringo ndani ya jiwe ni dalili ya kioo. Chungulia kingo za nyuma kupitia uso wa juu: zikionekana mbilimbili waziwazi, shuku forsteraiti.

Sasa densiti, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule; ni kipimo chenye uzito kuliko vyote. Jiwe lisiwe limefungwa kwenye pete. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni na ulizamishe lote, lining'inie bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba unayoisoma. Jiwe la gramu 2.01, yaani karati 10 na kidogo, likisoma 0.60 majini, densiti yake ni 3.35: hiyo ni tanzanaiti. Forsteraiti huja 3.2, ayolaiti 2.6, zirkonia 5.6 na kuendelea. Kioo hakitabiriki, kingine hukaribia kabisa 3.35, ndiyo sababu rangi na viputo vimetangulia.

Jibu likija dogo kupita kiasi, mara nyingi jiwe limegusa kitako au limeshikwa na viputo vya hewa. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji huviondoa. Kwa mawe madogo njia hii haifai: karati 1 husoma 0.06 tu, na kosa la 0.01 linakurusha kutoka 2.9 hadi 4. Hapo tafuta mwenye rifraktometa, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tanzanaiti husoma takriban 1.69 hadi 1.70.

Usilikwaruze jiwe kwa kisu au msasa eti unapima ugumu. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye skeli ya Mohs (ya ugumu wa madini, 1 hadi 10) na hupasuka kirahisi kwa upande mmoja, kwa hiyo utakayeharibu mali ni wewe.

Kuchomwa si udanganyifu. Karibu tanzanaiti zote za buluu zimepitia joto la nyuzi 500 hivi au zaidi ili ukahawia utoke, na rangi hairudi nyuma. Dalali akitaka nyongeza kwa sababu "hili halijachomwa", mdai cheti cha maabara.

Ukishanunua, osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Mashine za kusafishia vito kwa mvuke au mtetemo ziepuke. Na sonara akihitaji kuunga pete kwa moto, jiwe litolewe kwanza, maana joto la ghafla hulipasua.