Usitafute "ni" kwenye Kiarabu

Kwa wenzangu wa Mbeya mnaojisomea Kiarabu: acheni kuitafuta "ni". Haipo. Sisi wenyewe asubuhi ya Juni tunasema "Uyole baridi leo" na hakuna anayeuliza kitenzi kiko wapi.

Cha kuangalia ni "al", kitangulizi kinachoonyesha kitu kinachojulikana; mbele ya "sh" kinatamkwa "ash". Ash-shāyu hārrun: chai ni moto. Ash-shāyu al-hārru: chai ya moto, na hapo sentensi haijakamilika, msikilizaji bado anasubiri umwambie hiyo chai imefanyaje. Mubtada, yaani kinachozungumziwa, kwa kawaida kina "al"; khabari, yaani kinachosemwa juu yake, haina. Ukiivisha khabari "al" nayo, inageuka sifa tu. Mimi hili lilinisumbua mno, nilikuwa nasoma nusu sentensi nikidhani nimemaliza.

Ukirudi wakati uliopita kitenzi kinajitokeza, na kinabadili mwisho wa khabari: kāna ash-shāyu hārran, chai ilikuwa moto. Kukanusha unatumia laysa, mwisho unabadilika vilevile. Na kama kinachozungumziwa ni nomino ya kawaida isiyo na "al", mahali panatangulia: fī al-kūbi shāyun, kikombeni mna chai.