Jinsi ya Kupima Madai Kuhusu Asili ya Kimelea cha Malaria

Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria iliyo kali kuliko zote, kimewahi kudaiwa kuwa kilitoka kwa ndege, kwa sokwe, kwa bonobo na kwa gorila. Msomaji anayetaka kujua dai lipi lina uzito anahitaji kuuchunguza mti wa nasaba, yaani mchoro wa undugu wa vimelea, ambao dai hilo limejengwa juu yake.

Kabla ya mti wenyewe, tazama sampuli zilitoka kwa mnyama wa porini au wa kufugwa. Mwaka 2010 kimelea hiki kiliripotiwa kwa bonobo waliokuwa wakitunzwa na binadamu huko Kongo. Lakini mnyama anayeishi karibu na watu huumwa na mbu walewale, hivyo huenda ameambukizwa kutoka kwetu. Mwaka huohuo watafiti walichunguza karibu sampuli 3,000 za kinyesi cha nyani wakubwa wa porini barani Afrika, na ndugu wa karibu zaidi wa falciparum wakaonekana kwa gorila wa magharibi. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzito.

Kisha fuata matawi. Iwapo kimelea kingekuwa kimeandamana nasi tangu tulipotengana na sokwe, tawi la binadamu lingesimama sambamba na la sokwe. Badala yake, vimelea vyote vya binadamu vimekusanyika katika kijitawi kimoja kilichochipuka ndani ya matawi ya gorila, jambo linaloonyesha kwamba uhamisho ulianzia kwa gorila.

Tarehe zichukuliwe kwa tahadhari: makadirio ya miaka 40,000 hadi 60,000 tangu nasaba ya kimelea cha binadamu na ya kile cha gorila zianze kutengana yanategemea kasi ya mabadiliko ya jeni ambayo watafiti wameikisia.

Hatimaye, usitosheke na mti wa jeni moja. Kipande cha kromosomu chenye jeni ya RH5, ambayo protini yake hukiwezesha kimelea kuingia katika chembe nyekundu za damu, kina asili tofauti na sehemu nyingine za jenomu, yaani jumla ya jeni zote za kimelea: kilipokewa kutoka katika nasaba ya kimelea kingine cha gorila, Plasmodium adleri, na yaelekea ndicho kilichofungua mlango wa kumwambukiza binadamu. Protini hiyohiyo ndiyo inayolengwa na chanjo iliyofanyiwa majaribio Bagamoyo, Tanzania.