Kuandaa mchoro wa AutoCAD kwa mashine ya CNC ya mbao

Mwongozo huu ni wa fundi wa makabati anayechora mwenyewe, kisha anampelekea mwenye mashine ya CNC (inayokata kwa kuongozwa na kompyuta) faili la DXF, yaani mchoro unaosomeka na programu mbalimbali.

1. Weka vipimo viwe milimita, uchore kwa ukubwa halisi. Faili likisomwa kwa inchi, kila kitu kinakua mara 25.4.

2. Pima unene wa plaiwudi kwa vernia. Inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi haifiki hapo, na mfereji utakaochora kwa 18 kamili utalegea.

3. Funga maumbo yote. Hapa ndipo mbao nyingi zinapoharibika. Umbo lisipofungwa, programu inayopanga njia ya biti (kisu kinachozunguka) haijui ndani ni wapi na nje ni wapi, kwa hiyo biti inaweza kupita juu ya mstari wenyewe. Kwa biti ya milimita 6 unapoteza 3 kila upande: mlango wa 400 unatoka 394.

Usiamini macho. Ukichora kwa PLINE (amri ya mstari mmoja unaoendelea) ukamalizia kwa kubofya ulipoanzia, kwenye skrini pembe imekutana lakini umbo bado liko wazi. Malizia kwa herufi C. Kwa mistari iliyochorwa vipande vipande, anza na OVERKILL kuondoa iliyolaliana, maana mashine itaipita mara mbili na kuunguza mbao. Kisha PEDIT (amri ya kuhariri mistari), M (mingi kwa pamoja), chagua yote, J (unganisha), na umbali wa kuunganisha 0.05. Usiuongeze ovyo, utaunganisha visivyohusiana. Bofya umbo moja, fungua Properties (dirisha la sifa zake): Closed lazima iseme Yes. Kagua moja moja, hata yakiwa arobaini.

Mimi LINE naiachia mistari ya katikati tu. Mikunjo nachora kwa tao, kamwe si kwa spline (mkunjo huru), kwani DXF ya R12, toleo la zamani tutakalohifadhia, haina spline.

4. Pembe za ndani. Biti ya 6 huacha mviringo wa nusu kipenyo 3, na kipande chenye pembe kali hakitaingia. Weka duara la kipenyo 6.4 kwenye pembe, kitovu kikiwa 2.2 kutoka kila ukuta, kisha kata mistari ya ziada na ufunge umbo upya.

5. Tenganisha leya (tabaka za mchoro): kukata hadi chini, mifereji, matundu.

6. Hifadhi kama DXF ya R12. Omba kikatwe kipande kimoja kwenye mabaki, ukipime, ndipo upange shiti ya 1220 kwa 2440.